Ukumbi wa Bodi na Mjomba wa Mastula

Nikisema sioni aibu nitakuwa naongopa, maana mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Arua nageuza uso kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, lakini zaidi ya aibu nina hasira, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Miaka ile ya utawala wa jeshi hapa Uganda iliundwa bodi ya kuendesha ukumbi na uwanja wa michezo, ikapewa sheria yake na sehemu ya ushuru wa soko, na mimi muuza vitambaa nikateuliwa mjumbe (msiniulize kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa na koti). Tulikuwa watano. Sheria ilisema mtu binafsi hapewi ukumbi mpaka wajumbe watatu wakubali, na ndugu wa wenye shughuli hahesabiwi, ili watu wasigawiane mali ya umma kifamilia. Nzuri kabisa kwenye karatasi. Ila aliyeiandika hakuwajua Wanubi wa Arua, maana kwetu ukitema mate dirishani umempiga shemeji.

Binti yangu Mastula alipoposwa na watu wa Koboko, badala ya kutandaza turubai uani kama majirani wote, mimi nikataka ukumbi, na kibali nikasema kitafuata, kwani si mimi ni mjumbe? Asubuhi ya harusi mlinzi akanifungulia, tukaingiza masufuria ya pilau na nyama. Mchana lori la Koboko likafika, kina mama wakipiga ngoma, na papo hapo akatokea karani wa bodi, mtu wa Logiri asiyejua kucheka, akafunga mlango kwa kufuli mbele ya wageni, akauliza kibali kiko wapi.

Wajumbe wawili wakakubali palepale, mwalimu wa Ayivu na mfanyabiashara mkimbizi kutoka Sudani. Wa tatu hakuna. Mwenyekiti ni ami yake bwana harusi, tena ndiye aliyetangulia kushuka kwenye lori, mimi ndiye baba, na aliyebaki ni Ramadhani, kaka wa mke wangu, aliyemlea Mastula miaka yote niliyokuwa nazunguka Kongo na vitambaa vyangu. Nikamwomba karani, nikamtisha, nikamtukana.

"Mzee, mimi hapana kataa," akasema. "Sheria iko nasema mutu ya tatu hapana kuwa ndugu. Leta mutu kama hiyo, mimi nafungua."

Jua kali, wageni wamesimama, pilau inapoa ndani, na mimi damu imenipanda kichwani. Nikamgeukia Ramadhani, na wala sikunong'ona, nikamwambia amwambie huyu mpumbavu kwamba yeye si ndugu wa Mastula, yaishe.

"Shemeji, wewe nataka mimi naseme hii mutoto hapana yangu?"

Nikamwambia sema, tunachekwa. Akanitazama sana, kisha akasema, akatia na sahihi kwenye kibali. Kufuli likafunguliwa na hakuna aliyeingia. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, na bibi yake bwana harusi akauliza taratibu:

"Kama mujomba yake nasema hapana ndugu, sisi nachukua mutoto ya nani?"

Wakapanda lori lao, wakarudi Koboko. Niliwafuata kuomba radhi, wakanipa chai na hawakunipa jibu. Aliyewarudisha ni Ramadhani, alikwenda peke yake bila kuniambia, akasimama mbele ya wazee wao akasema mtoto ni wake, na harusi ataifanya yeye, nyumbani kwake.

Karani namchukia bado, na najua hakukosea, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ujumbe wa bodi nikauacha, nikaapa sitaomba tena ukumbi wa umma, hata kwa matanga yangu. Siku ya harusi nilikaa na wageni kwenye mkeka. Mastula alipotoka, akiwa amefunikwa, akapiga magoti kumuaga mjomba wake, halafu akanipita.