Walivyomnyanyua Haboba

"Bismillahi," halafu chuma cha kitanda kinalia ng'wiii, halafu pumzi ya bibi yangu inatoka kama ya mtu anayezima kibatari. Sauti hizo, kwa mpangilio huo huo. Mpaka leo mtu akikokota kiti chumba cha pili, nazisikia. Ni sauti za shangazi zangu wakimnyanyua mama yao wamgeuze, au wamkalishe ale, au wamsogezee beseni la haja. Wawili upande wa ukutani, mmoja upande wa njia, mimi miguuni. Bismillahi, ng'wiii, pumzi.

Kwetu bibi anaitwa haboba. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa Uganda na Waingereza wakabaki, na nimekulia kwenye Kiswahili na Kinubi kwa pamoja. Haboba alikuwa mama yake baba. Alikaa peke yake katika chumba kimoja Kisenyi, juu kidogo ya Nakivubo, anasuka makawa ya rangi ambayo wanawake hufunikia chakula cha harusi. Chumba kile kilikuwa na joto la bati na kelele za makonda toka alfajiri. Choo kilikuwa nyuma, unapanda ngazi za udongo zilizozuiwa na magunia. Chumba chenyewe alikipenda. Alikipata mwenyewe aliporudi kutoka ukimbizini Sudan baada ya vita vya themanini na sita, wakati watu wetu walipoanza kurudi kidogo kidogo kutazama kama nyumba zao bado zina milango. Yake ilikuwa na mlango, na ndani walikuwa watu wengine. Hakugombana nao. Akapanga chumba, akasema kinamtosha.

Alipougua homa ya mapafu tukampeleka hospitali. Hospitalini huku mgonjwa haendi peke yake. Lazima awe na mtu wa kumfulia, kumchotea maji na kulala kwenye mkeka karibu na kitanda chake. Nilichaguliwa mimi kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na siku zangu zilikuwa zinapita nikiota. Mara nina duka la vitambaa, mara mimi ni sista mwenye viatu vyeupe, mara daktari mrefu ananiuliza jina langu. Wodi yenyewe ilikuwa inanuka dawa na matoke yaliyopoa, lakini mimi niliingia na beseni langu jipya kama bibi harusi.

Siku ya kwanza baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Bombo na kanzu yake iliyopigwa pasi. Alisimama upande wa miguuni mwa kitanda akasema neno lake mbele yetu sote, ili asije akasemwa baadaye.

"Mama akipona, na akiwa anaweza kwenda chooni mwenyewe, atarudi Kisenyi. Akishindwa, anakuja kwangu Bombo. Sitaki kusikia mama yangu ameanguka kwenye ngazi zile na majirani ndio waliomwokota."

Haboba alikuwa na joto kali, lakini alimsikia. Baba mkubwa alipoondoka, haboba akaniambia, "Bombo nitakuwa kama sanduku la nguo za Idi. Watanifungua siku ya sikukuu, wanitazame, wanifunge."

"Hutaenda Bombo, haboba."

"Basi niombee miguu, mke mwenzangu. Kifua watakitibu hao."

Na kweli kifua walikitibu. Sindano zilimshika vizuri, homa ikashuka, kikohozi kikalegea.

Kabla homa haijaisha yote alikuja sista mmoja mfupi, saa ya kupimia imening'inia shingoni kama filimbi ya refarii. Hakuwa sista wa wodi. Alikuwa wa utafiti wa wazee, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, cha kutegemea huruma ya msikilizaji. Alimpa haboba chuma chenye mshale.

"Jajja," akamwita bibi kwa Kiganda, "kamata hii. Finya na nguvu yote."

"Nafinya nini, ndimu?"

"Finya tu, jajja."

Haboba akafinya mpaka mshale ukapanda. "Mume wangu angekuwa hai angekueleza habari za mkono huu," akasema, na sista akacheka mpaka akasahau kuandika. Halafu akamkalisha kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani, akamwambia asimame bila kujishika. Haboba akasimama, taratibu, kama mtu anayetoka majini. Halafu akatembea kati ya mistari miwili ya utepe aliyoibandika sista sakafuni, gurbaba yake ya kujifunga kiunoni ikiburuta, na saa ya sista ikihesabu. Alipofika akauliza amempita nani.

Nilimfuata sista mpaka mlangoni nikamuuliza anatafuta nini hasa. Sikuuliza kwa akili, niliuliza kwa sababu viatu vyake vilikuwa vyeupe.

"Muzee anaingia hapa anatembea, na kifua mbaya," akasema. "Kifua inapona. Anatoka wamemubeba. Nani alikula miguu yake?" Akangoja. "Kitanda," akasema. "Muzee akilala siku nyingi, kitanda inakula miguu. Wewe, mukalishe kwa kiti akikula. Mupeleke choo na miguu yake, wewe unakaa tu kwa upande. Usimubebe."

Nilirudi nikiwa nimejaa furaha. Niliona dawa iko mkononi mwangu, na dawa yenyewe haina sindano. Asubuhi, shangazi wakiwa bado njiani na vyungu vyao, nilimshusha haboba kitandani tukaanza safari ya kwenda dirishani. Palikuwa karibu tu, vitanda vichache. Alikuwa anashika chuma cha kila kitanda akipita na kumsalimia mwenye kitanda, kwa hiyo safari ikawa ndefu kama ya kiongozi anayeomba kura. Dirishani tuliona majengo ya Nakasero yameng'aa kwa jua. Nikamwonyesha hoteli ambamo nitaolewa.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza.

"Meza ya mbele."

"Kiti kiwe na mikono. Nisije nikakwama watu wanatazama."

Nikawa naona mbali zaidi ya pale. Namwona anapanda zile ngazi za Kisenyi mwenyewe, birika la udhu mkononi, mimi nimekaa chini namtazama. Kila asubuhi tulifanya hivyo, na kila asubuhi alirudi kitandani akihema lakini macho yake yako macho.

Kisha shangazi mkubwa akaja mapema. Alitukuta katikati ya njia, haboba ameshika kitanda cha mtu mwingine kwa mikono miwili, mdomo unamtetemeka, jasho limemtoka. Mimi niko pembeni, mikono mitupu, nimesimama tu. Hivyo ndivyo alivyotuona. Shangazi aliweka chungu chini, akamkumbatia mama yake kiunoni, akamrudisha. Alipokwisha kumfunika akanigeukia.

"Umemfanya bibi yako kuruta?"

"Sista alisema atembee, shangazi."

"Sista ana mama?"

Nikakiokota chungu pale njiani, nikamletea.

"Mama huyu alitembea mpaka Sudan na akatembea kurudi. Leo ana watoto wazima, wana mikono, halafu anatembezwa mbele ya watu kama hana mtu. Unajua wodi nzima inasemaje?"

Nilijua. Kwetu mzee hainuki mwenyewe kwenye mkeka watoto wake wakiwepo. Msibani, harusini, mzee akitaka kusimama utaona vijana wanaruka kutoka kila kona, na mzee anatoa mikono bila kutazama ni nani anaishika. Mikono ikiwa mingi, ndiyo sifa yake. Mzee anayejiinua huku watu wametazama, huyo anahurumiwa, na wanawe wanatajwa. Shangazi hakuwa mkali kwa ubaya. Aliniambia tu, tena kwa sauti ya chini, kwamba tangu sasa hawatamwacha mama yao na mtoto.

Wakapanga zamu, lakini zamu hazikufuatwa maana wote walikuwa wanakuja. Beseni likakaa chini ya kitanda. Chakula akawa analishwa kwa kijiko amelala nusu, uji, mchuzi, ndizi zilizopondwa kama za mtoto. Mto ukiteleza, mikono mitano inauwahi. Akitaka maji hajamaliza kusema maji, kikombe kiko mdomoni. Wagonjwa wenzake walimtazama kwa wivu. Mwanamke mmoja aliyelala karibu na mlango, ambaye mtunzaji wake alikuwa anapotea kutwa nzima, aliniambia, "Bibi yako ana bahati." Nikamjibu ndiyo.

Siku moja shangazi walikwenda kuswali wote pamoja, nikamuinamia haboba. "Twende dirishani, haraka, kabla hawajarudi."

"Hapana."

"Sista alisema kitanda..."

"Nilisikia alichosema sista. Mimi si kiziwi." Alivuta shuka kidogo. "Huyu mkubwa wao, tulipokimbia, alikuwa na mimba na miguu imemvimba. Nilimshika kiuno kutoka Arua mpaka mpakani. Alikuwa analia njiani, si kwa maumivu, kwa aibu, kwamba mama yake ndiye anambeba. Sasa amepata zamu yake. Nimnyime?"

"Na Kisenyi?"

Alitazama upande wa dirisha, ingawa kutoka pale alipolala dirisha lilionyesha mbingu tu. Mimi nilikuwa bado na ndoto zangu. Nilijiambia, miguu iliyofika Sudan haiwezi kuisha kwa kulala kidogo.

Siku ya kuruhusiwa, baba mkubwa alikuja na gari la kuazima. Sista wa utafiti naye akaja, na chuma chake na saa yake. Haboba alikuwa hana homa hata chembe. Daktari alikuwa amemsikiliza mgongoni akasema mapafu ni safi.

Akafinya chuma. Mshale ulitikisika tu, na safari hii hakutaja ndimu wala mume. Wakamkalisha kwenye kiti, mikono kifuani.

"Simama, jajja."

Nilimwona anajaribu. Nasema hivi kwa sababu baadaye shangazi mdogo alisema mama hakutaka tu, alikuwa amechoka na mambo ya watu wale. Alitaka. Kichwa kilikuja mbele, mishipa ya shingo ikamtoka, mapaja yakatetemeka chini ya nguo mpaka kiti kikagonga sakafu. Mkono wa shangazi mkubwa ukaja polepole nyuma ya mgongo wake.

"Hapana saidia," sista akasema. "Tafazali, nyabo."

Mkono ukabaki hewani, haukushika, haukurudi. Haboba akajaribu tena. Kisha akaegemea nyuma, akafumba macho kidogo, akayafungua.

"Kiti hiki kimenipenda," akasema.

Hakuna aliyecheka. Sista hakumwambia atembee. Utepe wake ulibaki mfukoni. Alimshika haboba bega akaondoka, na hakututazama sisi wengine usoni. Baba mkubwa alijikuna ndevu. "Basi Bombo," akasema, kwa upole, kama mtu anayeuliza. Haboba akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia akaniambia majani ya kusukia yaliyolowekwa kwenye ndoo Kisenyi niyamwage, yatakuwa yameoza.

Walimbeba vizuri sana. Kwa kweli sijaona mtu akibebwa vizuri kuliko vile, wanne, taratibu, shangazi mkubwa amemshika kiuno na anamnong'oneza kitu kwa Kinubi. Wodi nzima iliwatazama. "Huyu amezaa," mmoja akasema, na shangazi mkubwa alisikia, nikaona shingo yake inanyooka.

Bombo hakuteswa. Alipewa chumba cha mbele chenye kapeti, na wajukuu wa kumlisha. Vidonda vya kulala vikamwanza kiunoni, halafu kifua kikarudi, na mvua za mwisho wa mwaka ule hakuzimaliza. Shangazi mkubwa ndiye aliyeongoza kumwosha. Wanasema alikuwa mwepesi mpaka wanawake wawili walitosha, lakini walimshika wengi.

Siku ile ya kutoka, gari lilijaa. Nikaambiwa nibaki nikusanye vyombo, nitafuata kwa teksi. Nilirudi wodini peke yangu. Kitanda kilikuwa kimeshavuliwa shuka. Nilifunga mkeka, nikapanga sufuria ndani ya beseni, nikanyanyua. Karibu na mlango yule mwanamke aliyemsifu haboba alikuwa amekaa kitandani peke yake, amenyoosha mkono kutafuta kikombe chake cha chai juu ya kijimeza. Vidole vilikuwa vinagusa hewa.

Nikatua beseni. Nilikishika kikombe, na mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda mdomoni kwake. Nikauzuia. Nikakisogeza kikombe mpaka ukingo wa meza, pale ambapo akijivuta kidogo angekifikia, nikakiacha pale, nikasimama upande wa pili nikijifanya nafunga upya kamba ya mkeka.