Kilichokuwa Pembeni mwa Kioo cha Shosho

Shosho, nyanya wa jengo letu zima, amefariki. Mama alipigiwa simu tukiwa bado kwenye maegesho ya kanisa, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari, nami nikajua kabla hajasema. Ninyi mnaonisoma kila mwezi kwenye kijarida hiki mnajua mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Kwenye maombi ya kumkumbuka nilipewa nafasi, nikatikisa kichwa. Haya ndiyo ningesema.

Alikuja huku ughaibuni, Brooklyn Park, kulea wajukuu. Wajukuu wakakua, yeye akabaki ghorofa ya tatu, hadraivu gari, nje theluji, na dirisha lake linaangalia magari ya watu wengine. Makaratasi yake ya ukaazi hayakuwa yametoka, na aliambiwa akitoka nchini hatarudi. Kwa hivyo ndugu yake alipozikwa kule nyumbani, yeye alimzika kwa video. Binti yake, nesi kama mama yangu, alimwekea rekodi ya maziko kwenye kompyuta ya mezani kwa sababu macho yake hayakuiweza simu. Lakini picha ilikuwa inamwagika nje ya kioo, pande zote zimekatwa. Jeneza lilionekana, pasta alionekana nusu. Na Shosho hakuwa anamtafuta pasta. Wifi yake alikuwa amempigia kusema kwamba mwana wa kwanza wa Shosho, aliyekosana na marehemu juu ya shamba, hakufika maziko. Kwao, asiyemzika mjomba wake amejikata mwenyewe. Shosho alikuwa ameapa kwamba ikiwa ni kweli, hatapokea simu ya mwanawe tena.

Mama akanituma. “Wewe si ni kukaa na kompyuta tu? Enda.” Nilibadilisha waya, mambo yakawa yaleyale. Nikajaribu na kioo chetu kutoka chini kabla ya kuirudisha video, picha ya kompyuta ikakaa sawa, nikajua ugonjwa uko kwenye kioo chake. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza, akanikata: “Hiyo Kizungu ipeleke shule. Sema na mimi.” Nikajikokota kwa Kiswahili. Nikamwambia kwamba ukichomeka waya, kompyuta hukiuliza kioo: wewe ni nani, una ukubwa gani? Jibu huwa limehifadhiwa ndani ya kioo, na la hiki chake limeharibika. Kinajitaja kuwa televisheni ya zamani, kompyuta inakiamini, inaikuza picha mpaka inapita kingo. Shosho akakigonga kioo kwa kidole.

“Kwa hivyo si kigonjwa. Kinajisema vibaya tu.”

Nikamwambia ndiyo.

“Basi usikisikize.”

Na dawa ilikuwa hiyohiyo. Niliiambia kompyuta ipuuze jibu la kioo, nikaiandikia vipimo mwenyewe. Wanasema macho hayana pazia, lakini ya Shosho yalikuwa yamejengewa ukuta, na sasa ukuta ukaanguka. Tukaona tangi la maji, masufuria, wamama wa jikoni. Na kule mwisho kabisa, kwenye ua, mwanamume ameshika kofia kifuani, amesimama kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Shosho alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

“Amekonda,” akasema. Kisha akaniomba nimpatie simu.

Ugonjwa wa kile kioo ulirudi kila waya ulipochomolewa, nami nikawa wa kupanda ngazi kila mara. Binti yake alitaka kununua kingine, Shosho akamuuliza, “Na huyu mtoto atakuja huku kufanya nini?” Kiswahili hiki mnachokisoma, kingi nilikipata pale.

Wiki hii anasafiri. Makaratasi ya mwili yametoka haraka kuliko yote aliyoyangoja akiwa hai. Binti yake hawezi kumsindikiza, kwa sababu ileile iliyomfunga mama yake. Tutamzika kwa kioo kilekile, na nitakiwekea vipimo kabla watu hawajaingia. Nimejifunza kutosema kwamba mtu hakuja kabla sijaona pembeni. Wengine wetu ndipo tunaposimama.