Makapu ya Edani

Biashara huria ilipoingia, mifuko ya plastiki ilijaa Kariakoo na makapu ya ukili yakadoda. Chama nilichokifanyia kazi kikawatafutia wasusi wa Buguruni mnunuzi wa Ulaya, mmoja tu, mwenye masharti kuliko mganga. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kazi isifanyike majumbani. Wasusi wakae mahali pamoja, waonekane, ijulikane kwamba hakuna anayelazimishwa wala kunyonywa. Halikuwa sharti baya. Ila aliyelitunga hakuwahi kuishi Buguruni. Mimi nilikuwa msimamizi, nikawapangia banda karibu na soko.

Kisha mshonaji wao akafiwa na mume. Kila mama alisuka ukili wake, lakini kuuunga ukawa kapu ilikuwa kazi ya huyo mmoja, na watoto wake sasa walimtegemea yeye peke yake. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Kwa miezi hiyo asingeweza kuja bandani, wala kuonekana na mwanamume asiye ndugu yake, nikiwemo mimi. Nikawaeleza wenzake kwamba kwa masharti yale amekwisha kupoteza kazi.

Hawakubishana nami. Kesho yake nilikuta banda tupu. Walikuwa wamehamia uani kwa mjane na miyaa yao ya kusukia. Yeye alishona chumbani, nyuma ya pazia la mlango, na kapu likiisha alilisukuma nje kwa chini.

Mkaguzi wa mnunuzi alipokuja, mwanamume mzungu, mpole, wa makamo, aliridhika na pale uani, maana wasusi walikuwa pamoja na walionekana. Akauliza nyuma ya pazia kuna nani. Nilimweleza eda kadiri nilivyoweza. Alisikitika, nadhani kwa dhati, lakini akasema asiyeonekana hawezi kumhesabu kuwa mfanyakazi, na makapu aliyoyashona hatayapokea.

Nikawatafsiria. Kiongozi wao, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo shida yake ni kuonekana tu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Akakunja mkeka wake, akakusanya ukili, akaingia chumbani. Wengine wakamfuata bila haraka, mpaka tukabaki uani mimi, mkaguzi na mabaki ya miyaa.

"Muulize sasa atamhesabu nani," kiongozi akasema kutoka ndani.

Wakacheka. Nilikisikia na kicheko cha mjane, ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Mkaguzi alikaa kwenye kigoda, akatazama pazia, akanitazama mimi. Sikumsaidia. Nilifurahi kumwona hivyo, ingawa mshahara wangu ulitoka kwenye makapu yake. Hatimaye akasema niwaambie watoke, huyo wa ndani ni mfanyakazi kama wao, na makapu atayachukua yote. Nikasogea mlangoni nikawapa habari.

"Tumesikia, baba," kiongozi akajibu. "Mwambie asubiri. Tunamalizia kapu."