Ndama wa Mama Mkwe na Vidonge Vyangu

Mama mkwe wangu hakuiamini farmasi yangu, na mimi sikumpenda ng'ombe wake, kwa hiyo tuliishi kwa adabu. Alifika kwetu Goma, mtaa wa Mapendo, kwa miguu kutoka Masisi, vita vilipowafukuza watu kule, akiwa na kitenge mabegani na ng'ombe mmoja akimvuta kwa kamba. Ng'ombe wengine wote walibaki huko, na hakuna aliyethubutu kumuuliza walibaki vipi. Mume wangu ni dereva wa lori. Alimjengea mama yake zizi la mbao nyuma ya jiko, kisha akarudi barabarani akaniachia mama, ng'ombe na nzi.

Ng'ombe yule alikuwa mzee, tena ana mimba. Alipozaa ndama jike, mama mkwe aliketi chini palepale zizini akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Aliniambia kwamba ng'ombe huyu hatazaa tena, lakini ndama akikua, uzao wa ng'ombe wa baba yake utakuwa haujakatika. Nilimpa pole na hongera kwa pamoja, maana sikujua ipi inafaa.

Nikiri kwamba nilikuwa na kichwa kikubwa. Miaka yote hiyo nauza dawa, mtu akija ameshika kiuno najua anachotaka kabla hajasalimia. Ndama alipofikisha wiki tatu, aliteleza kwenye mawe yetu ya volkano, yale yanayokata hata kandambili, akaanza kuchechemea. Mama mkwe alimkanda mguu kwa maji moto ya chumvi, akasema apewe siku. Mimi subira sina. Mguu umevimba, ndama analia, na dukani nina boksi zima la diklo, vidonge ambavyo nusu ya Goma humeza kwa ajili ya mgongo. Kila asubuhi mapema mama mkwe alikwenda barabarani kuwasubiri watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wanaoshusha majani ya ng'ombe kutoka Kibati. Alipotoka tu, nilisaga vidonge viwili, nikavikoroga kwa maji, nikammiminia ndama mdomoni kwa chupa ya soda, hata hajanyonya. Kesho yake alikanyaga vizuri. Nilijisifu moyoni, sikumwambia mtu, na nikaendelea hivyo wiki nzima.

Siku ya nane ndama alikataa titi. Mama mkwe alisimama karibu naye muda mrefu bila kumgusa, kisha akaniomba nizime redio. Ndipo niliposikia kwamba ndama alikuwa akisaga meno kwa maumivu. Sauti ile nilikuwa nimeishi nayo siku mbili nikidhani anatafuna. Mama mkwe aliinama, akachota kinyesi kwa kijiti akakiweka juu ya jani la mgomba. Kilikuwa cheusi na kinang'aa kama lami. Akakimwagia maji kidogo, akakoroga, na maji yakawa mekundu.

"Ni damu," aliniambia. "Iko na kidonda mu tumbo."

Niliona haya. Mteja akiniambia anapata choo cheusi, mimi humwambia papo hapo aende hospitali, kwamba vidonda vya tumbo vinavuja damu. Kumbe sikuwahi kufikiri kwamba ng'ombe naye ana tumbo. Nilikuwa na cheti changu ukutani, na mama huyu ambaye hakuwahi kukaa darasani alikuwa amesoma kinyesi vizuri kuliko nisomavyo ordonansi, karatasi ya dawa ya daktari.

Daktari wa mifugo alikuja mchana kwa pikipiki, kutoka upande wa Lac Vert. Alimpapasa ndama ubavu wa kulia, akamtazama fizi, akakubaliana na mama mkwe kwa kila kitu. Alitueleza kwamba ng'ombe ana matumbo manne, lakini kwa ndama anayenyonya lile la nne ndilo linalofanya kazi, na kidonda kikilitoboa hakuna tena la kufanya. Akauliza kama ndama alipewa dawa yoyote. Mama mkwe akajibu kwamba alipewa maji ya chumvi tu, ya kukanda mguu. Alisema kweli aliyoijua. Mimi nilitazama kuku.

Basi daktari akasema kwanza amtulize maumivu, akatoa kichupa na sindano. Kusoma vichupa ndiyo kazi yangu. Dawa ile ilikuwa ya ukoo mmoja na diklo, ukoo unaochubua tumbo, hasa likiwa tupu.

"Papa docteur, acha kwanza," nilisema. "Minamupa diklo siku saba. Kila asubuhi, mbele ya kunyonya."

Daktari alirudisha kifuniko cha sindano polepole. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ile ingemmaliza. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka kilio kilishafika mlangoni. Sikuweza kumtazama mama mkwe.

Daktari aliacha dawa ya kulinda tumbo, lakini aliyemponya ndama yule ni mama mkwe, na nitalisema hilo popote. Aliacha kabisa kukamua maziwa ya nyumbani, tukanywa chai kavu. Kutoka alfajiri mpaka jua kuzama alimleta ndama kwa mama yake mara sita, mara saba, anamwachia mafunda machache, anamvuta kabla hajashiba, ili tumbo lisikae tupu wala lisijae. Akikataa titi, alichovya vidole kwenye maziwa ya vuguvugu akamnyonyesha vidole. Alifagia mchanga mweusi zizini kwa viganja vyake, ndama asije akaulamba. Siku zote hizo hakuniambia kitu isipokuwa lete maji, na asante. Heri angenitukana.

Asubuhi ya tano aliniita kwa mkono. Nilijua ameamua kumpigia mwanawe simu aje amhamishe yeye na ng'ombe wake. Alinionyesha kinyesi kwanza: kilikuwa kimerudi rangi ya manjano, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilipumua. Kisha akanikalisha kwenye kigoda chake, akaniosha mkono wa kulia kwa maji ya moto, akauchovya kwenye sufuria ya maziwa, akausogeza kwa ndama. Ndama alininusa, akaruka nyuma mpaka ukutani. Alikuwa anaujua mkono ule. Nikataka kusimama, mama mkwe akanibonyeza bega.

"Mukono yenye ilimuumiza, ileile njo itamulisha," alisema. "Mimi ni muzee, mutoto yangu. Kama anakukimbia weye, siku nitakufa atabakia na nani?"

Nikakaa, mkono umenyooka, maziwa yakidondoka, mpaka ndama akarudi.