Kisu cha Springi cha Mama Judith

Madereva pale Makambako wanasema visu vya springi vimepitwa na wakati. Huenda ni kweli. Mimi si mtu wa visu, mimi ni mtu wa jembe. Aliyekuwa mtu wa visu ni mke wangu Eufrasia, na hayupo tena kuwajibu. Kwa hiyo nasema mimi, nilivyomjua.

Alizaliwa karibu na misheni, upande wa Njombe. Nilimuoa, tukaja kukaa Kitandililo kwenye shamba la baba yangu. Mungu alitupa mtoto mmoja, Judith, sasa ameolewa Lyamkena. Tulilima mahindi, baadaye tukapanda maparachichi. Yalipoanza kuzaa, Eufrasia akasema hawezi kukaa nyumbani kumngoja mnunuzi aje na gari lake na maneno yake. Akabeba meza, akaenda kuiweka Makambako pale malori yanapoegeshwa. Anapasua parachichi, anatoa kokwa, anatia chumvi, anakupa na kijiko. Dereva anakula amesimama.

Hapo ndipo alipoambukizwa visu.

Dereva wa safari ndefu lazima awe na kisu. Atakata kamba, atakata turubai, atakata nyama. Wakiwa wanangoja kipuri au mzigo, walikaa kwenye benchi la Eufrasia wakatoa visu mifukoni, wakaoneshana. Eufrasia akataka kuvishika. Anakipima mkononi, anakikunjua, anakikunja, anasikiliza. Ndiyo, alikuwa anasikiliza.

"Hiki kimelegea kiunoni," atasema. Au, "Hiki kina makali, hakina adabu."

Walimcheka, lakini kila aliyepata kisu kipya alimletea yeye kwanza.

Cha kwake kilikuwa cha kukunja, mpini wa mti, cha kufungulia kwa kucha. Alikuwa nacho tangu Judith hajaanza kutembea.

Halafu kiharusi kikampata, shambani, akipalilia. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi kiasi. Mkono wa kushoto haukurudi. Nikajua mambo ya meza yamekwisha. Akaniambia, "Odilo, umepooza mkono, haijapooza biashara." Akarudi Makambako.

Shida ikawa kisu. Cha kucha kinataka mikono miwili. Yeye akawa anauma makali kwa meno, anavuta mpini. Judith alilia alipoona.

"Mama, si uchukue cha jikoni?"

"Cha jikoni ni cha jikoni. Huku niko kazini."

Siku moja Shedrack alimkuta anafanya hivyo. Shedrack anaendesha lori la kwenda Zambia, kwao Makete, mtu mkubwa wa mwili na anaogopa damu. Akapiga kelele pale, "Mama Judith! Ukijikata huo ulimi, sisi atatutukana nani?"

Safari iliyofuata alirudi na visu viwili, amevinunua Nakonde, vimefanana kama mapacha. Kimoja chake, kimoja cha Eufrasia. Visu vya springi.

Nieleze kidogo. Hakifunguki chenyewe tu, si cha wahuni. Kwa nyuma makali yana kijipembe. Unakisukuma hicho kwa kidole, kidogo tu, springi iliyo ndani inapokea na kumalizia. Kinasema tak. Kukifunga, Eufrasia alisogeza kibati cha ndani kwa dole gumba, akayasukuma makali kwenye ukingo wa meza. Yote kwa mkono mmoja. Siku ile alikifungua na kukifunga mpaka maparachichi yakasahauliwa mezani.

Nyumbani hivyo hivyo. Mimi niko nyuma, shambani, nasikia tak jikoni. Najua ameanza kumenya viazi. Naweka jembe naenda. Hakuwa na haja ya kuniita.

Basi mambo ya visu nayo yanabadilika. Akaja Mika, dereva mwenzake Shedrack, mdogo kwa umri na mkubwa kwa maneno. Ana kisu kipya. Akakigusa, kikafunguka kimya.

"Mama Judith, springi zimekwisha. Wapenzi wa visu siku hizi wanataka cha gololi. Kwenye bawaba humo wametia gololi ndogondogo, makali yanateleza yenyewe. Hakuna springi ya kuchoka, hakuna ya kukatika."

Eufrasia alikishika. Akakikunjua, akakikunja, akasikiliza. Akasema ni kisu kizuri. Hakuwa mtu wa kudharau kitu kizuri. Halafu akamrudishia.

"Kinafunguka kama mlango wa mgahawa. Kila anayepita anaingia."

Benchi lote likacheka.

"Haya, nipe sababu moja tu ya springi," Mika akasema. "Moja."

"Ngoja Juni. Upepo wa hapa ukishafanya vidole vyako kuwa kuni, ndipo ukifungue hicho chako. Changu nakianzishia tu, kinamalizia. Mimi nina mkono mmoja, Mika. Huyu ndiye wa pili."

Shedrack akamwambia, "Umeshindwa, nunua parachichi."

Ubishi huo haukuisha. Kila Mika akipita aliuanzisha upya, na Eufrasia alimngojea. Naamini siku ambazo Mika hakupita, alisononeka.

Mwaka huu, mvua zikiwa nyingi, kiharusi kilirudi. Safari hii alilala. Hospitali walimrudisha nyumbani, wakasema tumtunze. Asubuhi moja akataka parachichi, nikamletea. Akataka alipasue mwenyewe. Akatoa kisu chini ya mto, akasukuma kile kijipembe. Makali yakatoka nusu, yakasimama. Akasukuma tena. Yakalegea tu.

Akakitazama.

"Kimechoka," akasema.

Akanipa. Nikakifungua kwa mikono miwili, nikalipasua. Alikula kijiko kimoja. Hakutaka tena kitu mpaka alipofariki.

Tukamzika pale nyumbani, upande wa juu wa miparachichi.

Sasa, ukoo wa Eufrasia una desturi yao. Msiba ukishatulia, ndugu zake wanakuja kugawa vitu vyake. Mkeka unatandikwa, vitu vinawekwa. Kwa kila kitu mume anaulizwa kama ni kizima. Hilo tu ndilo analosema mume, kingine hasemi. Kilicho kizima kinarudi kwao. Kilichoharibika kinabaki kwenye nyumba alimoishi, maana hawezi mtu kubeba kilema kupeleka kwao.

Kisu kilikuwa kimeharibika. Kwa hiyo kilikuwa changu. Judith aliniambia, "Baba, kiache hivyo hivyo. Mama mkubwa Feliciana atakuja kugawa. Ukikitengeneza kitaondoka."

Feliciana ni dada yake Eufrasia, anakaa misheni.

Nilimwelewa mwanangu. Lakini jikoni kulikuwa kimya. Mimi shambani nilikuwa nasimama na jembe, nangoja nisikie, halafu nakumbuka. Siku nzima inakuwa hivyo. Nikawaza, nitakipeleka kwa madereva, watatia springi, nitasikia. Halafu kabla Feliciana hajaja nitaitoa. Si kosa. Kitarudi kama alivyokiacha.

Nikaenda Makambako. Meza ya Eufrasia haipo, benchi lipo. Shedrack na Mika walikuwepo. Walivua kofia.

"Shikamoo mzee Odilo. Pole sana, baba."

"Marahaba. Nimeleta kisu."

Mika akakifungua kwa bisibisi ndogo, akatazama ndani. Kiwaya cha springi kilikuwa kimekatika kichwani.

"Springi hii hupati, mzee. Hawatengenezi tena, na hata duka likiwa na ya aina nyingine haitaingia humu. Wenye kupenda visu wamehama. Hata Shedrack amehama, muulize."

Shedrack akatazama chini. Akatoa mfukoni kisu chake. Cha gololi.

"Alijua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namficha. Nikifika hapa nilikuwa natoa kile pacha."

Akaenda kwenye lori, akafungua kidroo cha mbele, akarudi nacho. Kilikuwa na vumbi. Akakaa nacho pale benchini, akatoa kiwaya chake, akakitia kwenye cha Eufrasia. Mikono yake mikubwa, kazi ndogo. Screw moja ilianguka mara mbili kwenye matope, na Mika aliitafuta kwa magoti bila utani wowote.

"Haya, mzee."

Nikasukuma kijipembe.

Tak.

Mama mwenye mahindi ya kuchoma upande wa pili aligeuka, akaangalia pale meza ilipokuwa.

Mika akajifuta pua. "Tuseme ukweli, mzee. Cha gololi ni kizuri zaidi."

"Sawa."

"Lakini kipige tena."

Nikakipiga tena.

Kile pacha Shedrack akakirudisha garini bila springi. Nilisema nitakirudisha kiwaya. Akakataa. "Kiache humo, baba. Kimekaa mahali pake."

Nyumbani nilikaa jikoni na kukisikiliza. Nilimenya viazi vingi kuliko ninavyoweza kula. Siku ya kugawa ilipokaribia, Judith akaja kupika chakula cha wageni. Akakisikia akiwa nje. Akaingia mbio, kisha akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nilidhani..." akasema.

"Najua."

Alipotulia akaniuliza, "Utaitoa lini?"

"Leo."

Nilichukua bisibisi, nikaenda kukaa juani nje ya mlango. Screw ya kwanza nikailegeza. Ya pili pia. Nikaona kile kiwaya, kimejikunja mahali pake. Kukitoa ni kazi ya kucha tu. Nikakumbuka asubuhi ile, makali yanatoka nusu. Anasukuma tena. "Kimechoka." Nilikwisha kukiona kikifa mkononi mwake. Nikiitoa springi, safari hii ninakiua mimi, na kitakachobaki kwangu ni kisu cha asubuhi ile. Cha siku zake zote nyingine sitakuwa nacho.

Nikakaza screw. Judith alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Akarudi kugeuza ugali.

Walikuja kwa noah, wamejaa. Feliciana alikuwa mbele, na kaka yao Enoki ndiye wa kuuliza. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, tukala. Judith akatandika mkeka, akaweka vitu. Jembe. Sufuria. Vitenge. Rozari. Kisu aliweka mwisho, pembeni, nusu chini ya kitenge. Mwanangu alijaribu.

Enoki akainua kimoja kimoja.

"Jembe. Kizima?"

"Kizima."

"Sufuria?"

"Imetoboka."

Sufuria ikarudi kwangu. Ikaenda hivyo mpaka mkeka ukabaki na kisu. Enoki akakiinua.

"Kisu. Kizima?"

Ningeweza kusema hapana. Kilikuwa kimefungwa, nani angejua? Judith alinikazia macho.

"Kizima," nikasema.

Feliciana akanyoosha mkono. Yeye naye ni mzee sasa, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Akakigeuza, akatafuta, akaona kile kijipembe. Akasukuma kidogo tu.

Tak.

Akashtuka, karibu akiangushe. Halafu akalia, kwa sauti, vile wanavyolia kwao.

"Alinisimulia," akaniambia. "Shemeji, alinisimulia hiki kisu kila nilipokuja kumwona. Nikadhani ni maneno ya mgonjwa. Kumbe na hivi vidole vyangu, kinafunguka!"

"Kinafunguka," nikasema.

Nilimwonesha kibati cha ndani, na namna ya kukifunga kwenye ukingo wa meza. Nikamwambia asikiweke kwenye maji. Nikamwambia ndani yake kuna springi ya dereva mmoja wa Makete, na kwamba haipatikani nyingine, akitunze. Sikuwa nimesema maneno mengi hivyo tangu msiba.

Walipoondoka, gari lilikuwa limeachwa chini barabarani, kwa sababu ya matope. Wakashuka kwa miguu. Feliciana alikuwa wa mwisho, anatembea polepole. Mimi na Judith tulisimama mlangoni. Alipoupita mwembe wa ua hatukumwona tena, ila tulimsikia. Anakifungua, anakifunga kwa goti, anakifungua.

Tak. Tukangoja. Tak.

Judith akataka kuingia ndani, nikamshika mkono asitembee kwanza, asipige kelele. Ikaja tena, ndogo, kule chini karibu na barabara. Halafu mlango wa gari.