Kulsum wa Overport na mvinyo asiouonja

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Overport. Mvua nyepesi inanyesha juu ya maduka, magari yamepanga foleni kwenye robot, yaani taa za barabarani, na ghorofani, juu ya duka la vitambaa, Kulsum Fakira anawaambia watu wazima wanane wafumbe macho.

Wanafumba. Yumo daktari wa meno mstaafu, wamo walimu wawili, yumo mama mmoja mjane aliyekuja na mto wake wa kukalia. Mapazia yameshushwa. Mbele ya kila mmoja kuna bilauri ya maji ya zabibu na kipande cha mkate uliochovywa kwenye mafuta ya zeituni.

"Sasa tumeshuka kwenye basi," anasema Kulsum kwa sauti ya chini. "Barabara ni ya vumbi jeupe. Kulia kwenu mizabibu, kushoto mizeituni. Mbwa anabweka mbali huko, lakini hana ubaya. Juu ya kilima kuna mji wa mawe, na kengele inalia. Msikimbilie. Hakuna anayetungoja."

Mwandishi wa makala haya alikuja na kalamu na maswali yake, akajikuta naye amefumba. Alipofumbua aliudhika kidogo kuona bado yuko Durban.

Hiyo ndiyo kazi ya Kulsum, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Kila Mei na kila Septemba huongoza kikundi kidogo kutoka Durban hadi vilima vya Umbria, katikati ya Italia, kuonja mvinyo na kusikiliza historia. Kabla ya safari huwaita kwanza hapa, wasafiri wakiwa kwenye viti vya plastiki.

"Mtu asipoota kwanza, akifika kule ataona mawe tu," anasema. "Ataniuliza choo kiko wapi, basi."

Lakini subiri kwanza. Kulsum ni Mwislamu wa swala tano, mzaliwa wa ile jamii ya Durban inayoitwa Wazanzibari, ambao mababu zao waliletwa Natal kutoka pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mvinyo hajawahi kuuonja. Hata tone, wallahi.

"Wageni hucheka," anasema, naye anacheka. "Mimi huwaambia, nawafikisha mlangoni. Kuingia ni juu yenu."

Kiitaliano alikipata jikoni. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kazi za ndani huko Berea, kwa mjane wa fundi mwashi Mwitaliano. Bibi huyo hakupenda Kiingereza na wala hakujilazimisha.

"Alinisemesha kwa lugha ya kwao tangu siku ya kwanza. Akipika anasema, akianika nguo anasema. Mimi kimya. Baada ya miaka miwili nikashtukia namjibu. Baada ya mitano nikawa naropoka Kiitaliano usingizini, mama yangu ananiamsha kwa Ayatul Kursi, anadhani nimepagawa!"

Kila alasiri bibi alimsimulia kijiji alikozaliwa: kisima, ngazi za kanisa, mtini nyuma ya duka la mkate. Alipofariki, mpwa wake alifungua ofisi ya safari hapa Overport, mwaka 1995, akamtafuta Kulsum. Safari yake ya kwanza ya ndege katika maisha ilikuwa ya kuongoza wenzake.

"Nilifika pale nikakuta kila kitu kiko mahali alipokisema. Hata mtini. Nikalia, eish, nililia! Wageni wakadhani nimepoteza pasipoti."

Akieleza haya macho yake yanakwenda mbali, na wewe unayemsikiliza unakwenda naye. Anakwambia jinsi ukungu unavyolala bondeni asubuhi mpaka vilima vinaonekana vinaelea. Anakwambia habari za Waetruski, watu wa kale waliochonga makaburi kama vyumba, yenye vitanda vya mawe na mito ya mawe, ili wafu wao wasiumwe shingo. Ukimwacha, saa mbili zitapita na chai yako itapoa.

Shida yake haiko Italia. Iko Chatsworth, kwenye nyumba anayoishi na mama yake, Bi Safiyyah, mwenye umri wa miaka sabini na miwili.

Kwa miaka miwili Bi Safiyyah alijua binti yake anawapeleka watu kuona magofu. "Sikumdanganya," anasema Kulsum haraka mno. "Nilipunguza tu maneno."

Mambo yalifumuka Ijumaa moja ya mwaka 1997. Mgeni mmoja wa safari zake, mwenye shukrani, alipiga hodi Chatsworth akiwa na chupa iliyofungwa utepe mwekundu. Kulsum hakuwepo. Bi Safiyyah, ambaye bila miwani haoni herufi, aliipokea kwa mikono miwili, akamwombea mgeni dua, akaiweka kwenye friji. Alasiri walipokuja wanawake wenzake wa darsa, akaitoa, akaipanga mezani katikati ya sambusa na keki, akisema leo watakunywa sharubati ya Ulaya.

Mmoja wao alikuwa na miwani.

"Walisoma kile kikaratasi kwa sauti," anasimulia Bi Safiyyah mwenyewe, na mpaka leo anajifunika uso kwa kanga. "Astaghfirullah! Mbele ya darsa! Nilitamani ardhi inimeze na meza yangu."

Tangu siku hiyo hakugusa tena chakula kilichonunuliwa kwa mshahara wa binti yake. Ananunua chake kwa pensheni, anapika kwenye sufuria yake, na wanakula meza moja kama wapangaji.

Hilo Kulsum angelivumilia. Asiloweza kulivumilia ni Hija. Baba yake alikufa akiwa ameahidi kumpeleka mkewe Makka, na Kulsum alilibeba deni hilo la maneno akiwa bado msichana. Kila mwezi alikuwa anaweka akiba sehemu ya randi elfu tatu anazolipwa. Nauli ilitimia. Mama akakataa.

"Aliniambia, kwa hela hiyo siendi hata Pietermaritzburg, seuze Makka." Kulsum anaizungusha bilauri mezani. "Na magoti yake kila mwaka yanazidi kumuuma. Mimi naogopa. Nasema kweli, naogopa sana."

Alikwenda kwa shekhe wa mtaani. Shekhe hakumkemea. Alimwambia jambo moja tu, ajitenge na mvinyo, achukue ujira wa ile sehemu ya kazi iliyo safi. Rahisi kusema! Nani angeichukua hiyo nusu ya mvinyo?

Aliyeichukua anaitwa Athanase, Mkongo wa Bukavu, baba wa watoto watatu, aliyekuwa anabeba mizigo kwenye maghala ya Clairwood. Kulsum alimkuta katika duka la simu akimtafsiria baharia wa Kiitaliano aliyekuwa anagombana na mwenye duka. Athanase alisoma seminari kwa mapadri Waitaliano, akaacha upadri kwa sababu ya Henriette, ambaye sasa ni mkewe. Karatasi zake za ukaazi anazo tangu kabla ya vita vya kwao.

"Mama Kulsum aliniuliza, baba, unakunywaka vin?" anasimulia Athanase. "Miye nikajibu, mama, iko swali gani hiyo kwa mukatoliki?"

Wakagawana. Historia, makanisa, magofu na makaburi ni ya Kulsum. Maghala ya mvinyo ni ya Athanase, na kila mmoja analipwa kwa kazi yake. Kulsum akapoteza theluthi ya kipato, akasema alhamdulillah.

Safari ya kwanza ya pamoja ilikuwa Mei mwaka huu wa 1999, na nusura iharibike. Kulsum alibaki nje kwenye kivuli cha ukuta, Athanase akaingia na wageni kwenye ghala la mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuosha sakafu yake.

"Kwetu hatukunywake mbele ya wafu," anaeleza Athanase. "Ya kwanza ni yabo. Nikamwanga kidogo tu chini, juu ya papa yangu, baba mwenye alikufaka. Nageuka hivi, naona batu bote banane banamwanga! Banafikiri ni desturi ya Italie!"

Mwenye ghala alishika kichwa. Mvinyo wa miaka saba unatiririka sakafuni, na daktari yule yule wa meno, ambaye Septemba anarudi tena, mtu na heshima zake, anainamisha bilauri kwa unyenyekevu wote. Athanase akamweleza mzee kwa Kiitaliano cha seminari, polepole, maana ya jambo lile. Mzee akamtazama. Kisha akajimiminia yake, akamwaga kwa ajili ya kaka yake aliyekufa vitani, na hapo hapo akakaa juu ya pipa akaanza kusimulia habari za kaka huyo. Walitoka mle ndani jua limeshakwenda upande, kila mtu macho mekundu, na si kwa ulevi.

Bi Safiyyah alipoelezwa mpango huo mpya alisema neno moja tu: "Tutaona." Ikapita Juni, ikapita Julai.

Kulsum hakumsukuma. Alichofanya ni kuanza kufanya mazoezi ya masimulizi yake nyumbani, Jumapili alasiri, huku mama yake akichagua mchele. Bi Safiyyah alijifanya hasikii. Lakini mkono wake ulikuwa unasimama juu ya ungo.

Jumapili iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwepo Chatsworth, na kilichotokea alikiona kwa macho yake.

Kulsum alikuwa akisimulia kijiji kimoja kilimani ambacho sasa hakina mtu. Kilima kilianza kuporomoka, serikali ikawahamishia wakazi bondeni. Nyumba bado zimesimama bila mapaa. Mitini imeota sebuleni. Upepo ukipita madirishani, alisema, unasikia kama watu wanazungumza chumba cha pili.

"Walihamishwa kwa malori?" aliuliza Bi Safiyyah ghafla.

"Ndiyo, Mama. Kwa malori."

"Wakaruhusiwa kubeba milango?"

"Hilo sijui, Mama."

"Ulize. Sisi tuliibeba."

Hapo ndipo ikatoka habari ambayo Kulsum, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, anasema hakuwahi kuisikia yote. Mapema miaka ya sitini, serikali ya ubaguzi iliwaondoa Wazanzibari King's Rest, kule Bluff, ikawaleta Chatsworth, kwa sababu Bluff imeamuliwa iwe ya Wazungu. Bi Safiyyah alisimulia macho yamefumbwa: mteremko wa mchanga, harufu ya bahari ndani ya shuka, sauti ya adhana ikishuka hadi kwenye migomba, mumewe amebeba mlango wa jikoni kichwani huku lori linanguruma. Hakuna aliyemwambia afumbe. Alikuwa hayuko nasi tena, na sisi tulimfuata huko alikokuwa.

Alipomaliza, Kulsum alipiga magoti karibu na kiti chake. "Mama, Hija ni Machi. Ujira wangu sasa ni wa haya haya unayoyasikia. Ya watu waliohamishwa. Ya makaburi. Sina mwingine."

Bi Safiyyah alirudia kuchagua mchele, punje kwa punje, mpaka mwandishi akaanza kutafuta kisingizio cha kuondoka.

"Anayekwenda Makka," alisema hatimaye, bila kuinua uso, "huzunguka kwanza akawaaga watu wake, akawaomba radhi. Wangu wengi wamelala King's Rest. Lini utanipeleka?"

Kulsum aliinamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa sauti, na mama akaendelea na mchele wake kwa mkono mmoja.

Kikundi cha Septemba kinaondoka mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, Jumapili ijayo, Kulsum amepanga safari fupi kuliko zote alizowahi kuongoza: Chatsworth hadi Bluff, Athanase akiwa kwenye usukani na wajukuu wa Bi Safiyyah, watoto wa ndugu zake Kulsum, viti vya nyuma.

Atasema nini wakifika? Kulsum anatikisa kichwa. "Mimi siku hiyo ni abiria. Atasema Mama."