Maji ya Kifuani

Asubuhi moja mwaka 1992 nilitoka Gahanga, nilikokuwa nikifyatua matofali, bila kujua naenda wapi. Sikuwa nimegombana na mtu. Niliamka tu nikaona sina wa kumuaga. Nilipita Kagarama, nikafika mjini jua limepanda, na kiu ikanipeleka kwenye bomba la hospitali moja. Nilipokwisha kunywa nikachungulia wodini, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Karibu na mlango aliketi mzee ameinamia mto. Kila pumzi aliivuta kwa mabega.

"Umekuja kwa nani?" muuguzi akaniuliza.

Kabla sijajibu, mzee akainua kidole. "Kwangu. Ni mpwa wangu."

"Mpwa gani huyu, hana hata sufuria?"

"Ndivyo walivyo watoto wa dada yangu," mzee akasema, akakohoa.

Hospitali ile haikuwapikia wagonjwa. Kila mmoja alikuja na umurwaza, mtu wake wa kumpikia, kumfulia na kumwinua. Mzee huyu hakuwa naye. Alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, mjane, na wanawe walikwenda Bujumbura wasirudi. Jirani wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimgawia ugali, alikuwa ameruhusiwa jana yake.

Nikabaki. Sufuria niliazima.

Alikuwa na saratani ya pafu iliyokwisha kuenea. Maji yalijaa kati ya pafu na mbavu, yakalikandamiza pafu, hata akawa hawezi kujinyoosha bila kukabwa. Usingizi wake wote ulikuwa wa kuketi. Alitaka jambo moja tu: alale kitandani kwake, amejinyoosha, hata mara moja.

Nikawaza peke yangu: maji hayo yanatoka wapi kama si kikombeni? Nikaanza kumnyima. Akiomba maji, nilimpa kijiko kimoja cha chai, na chupa nikaificha chini ya kitanda. Siku ya pili midomo yake ilipasuka, na muuguzi akaiona chupa.

"Uliacha shule darasa la ngapi?"

"La tano."

"Na udaktari ulisomea wapi? Maji ya kifuani yanaletwa na ugonjwa wenyewe. Mpe mtu anywe."

Nilimshikia mzee kikombe, nikamwomba radhi. Alikunywa chote kwanza.

"Nilidhani umechoka kunichotea," akasema. "Nikaona nisikusumbue, usije ukaondoka."

Kesho yake daktari aliniketisha mbele ya mzee ili mzee aniegemee, mgongo wake ukiwa wazi. Alimpiga ganzi, akapitisha sindano katikati ya mbavu, na maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa yakashuka kwenye mpira hadi chupani. Kidevu cha mzee kilikuwa begani kwangu. Nilikuwa sijashikwa na mtu muda mrefu hivyo tangu utotoni, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Chupa ilipokaribia kujaa alianza kukohoa, daktari akachomoa.

"Mbona mengine yamebaki?" nikauliza.

"Pafu lililobanwa likifunguka kwa haraka huumia. Na haya yatarudi. Yakirudi, mlete tuyatoe tena. Ugonjwa wenyewe hatuwezi kuuondoa."

Mzee alivuta pumzi bila kuinua mabega. "Basi nipeleke nyumbani kabla hayajarudi."

Mchana ule teksi ilitushusha Nyamirambo. Chumba chake kilikuwa na kitanda, cherehani iliyofunikwa kanga, na suruali ya mteja ambayo haijapindwa. Akajilaza polepole, akinitazama kama anayepima kina cha mto. Akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Akakaa hivyo.

"Mkeka uko nyuma ya mlango," akasema baadaye. "Kesho utakuwepo?"

Sikuwahi kumwahidi mtu kesho. Nilisukuma cherehani ukutani, nikatandika mkeka mahali pake, nikavua viatu.

"Nitakuwepo, mjomba."

Alikuwa amekwisha kulala, akikoroma taratibu.